Nyuma ya tarakimu: jinsi ya kusoma rekodi ya machapisho ya mtafiti wa tiba

Wasifu wa mtafiti wa tiba siku hizi huanza na tarakimu: makala 140, nukuu 5,200, kipimo cha h 34. Kamati ya kupandisha vyeo huzitazama, mfadhili huzitazama, mwandishi wa habari huzinakili, na mwanafunzi anayetafuta msimamizi huzitumia kulinganisha maprofesa. Tarakimu hizo si za uongo. Tatizo ni kwamba kila moja hujibu swali dogo, nasi tunaisoma kana kwamba imejibu swali kubwa: je, kazi ya mtu huyu imebadilisha chochote katika tiba?

Nukuu moja maana yake ni hii tu: makala fulani imetajwa katika orodha ya marejeo ya makala nyingine. Haielezi kama imetajwa ili isifiwe, ipingwe, au ijazie sentensi ya utangulizi. Anayetaka kujua athari ya mtafiti hana budi kufungua makala zenyewe na zile zinazozitaja. Kazi hiyo haihitaji siku nyingi, ila inahitaji utaratibu.

Hakikisha makala ni zake

Kabla ya kuhesabu, jua unachohesabu. Mtanzania mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, anaweza kuchapisha makala ya kwanza akimalizia na jina la baba, na ya pili akimalizia na la babu. Mohamed huandikwa Mohammed, Muhammad au Muhamed. Mwanamke aliyeolewa akiwa tayari ana machapisho huongeza jina la mume. Kanzidata huona watu watatu au wanne, na kila mmoja humpa fungu lake la nukuu. Kinyume chake hutokea pia: watu kumi wanaoitwa Juma A. huunganishwa kuwa mtaalamu mmoja wa malaria, meno na saikolojia.

Dawa ya hilo ni ORCID, namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 inayotolewa bure tangu mwaka 2012. Mtafiti huiandika kila anapowasilisha makala, na jarida huiambatanisha na jina lake jinsi lilivyoandikwa safari hiyo. Lakini ukurasa wa ORCID hujazwa na mwenyewe. Unakusaidia kujua pa kuanzia, hauthibitishi kwamba kila kilichomo ni chake.

Kuthibitisha, ingia PubMed, kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Andika jina la mwisho, nafasi, kisha herufi za kwanza za majina mengine bila nukta, ukimalizia na [au], kwa mfano Juma A[au]. Ukiona majibu ni mengi mno, ongeza AND na taasisi yenye alama ya [ad], mfano Ifakara[ad]. Alama ya [1au] huleta makala ambazo yeye ni mwandishi wa kwanza, [lastau] zile ambazo yeye ni wa mwisho, na [auid] hutafuta kwa namba ya ORCID. Rudia kwa kila namna jina lake linavyoweza kuandikwa. Kisha pitisha macho kwenye vichwa vya habari: mtu aliyeanza na upasuaji wa mifupa hahamii kwenye vinasaba vya mbu na kurudi ndani ya mwaka mmoja.

Kwenye Google Scholar, chombo cha Google cha kutafuta maandiko ya kitaaluma, ni mtafiti mwenyewe anayefungua ukurasa wake, na mfumo wenyewe humwongezea makala. Mwenye ukurasa anaweza kuchagua kuulizwa kabla ya nyongeza yoyote. Wengi hawachagui hivyo, ndiyo maana makala za watu wengine hujipenyeza bila hila ya mtu yeyote. Kwenye Scopus, kanzidata kubwa ya nukuu, wasifu huundwa na mashine. Ukikuta umegawanywa mara mbili, mwenye jina anaweza kuomba uunganishwe, bure.

Kwa nini mtu mmoja ana jumla tatu tofauti

Google Scholar, Scopus na kanzidata nyingine ya nukuu, Web of Science, zitakupa hesabu tatu za mtu yule yule, na zote zinaweza kuwa sahihi. Google Scholar hukusanya karibu kila kinachofanana na andiko la kitaaluma: tasnifu, ripoti, machapisho ya awali ambayo hayajahakikiwa, hata makala ile ile mara mbili. Kwa hiyo jumla yake karibu kila mara ndiyo kubwa. Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza, na nukuu inayotoka katika jarida lisilochaguliwa haihesabiwi.

Uchaguzi huo una gharama kwetu. Utafiti wa huduma za uzazi wilayani ukichapishwa katika jarida la kitaifa, ukasomwa na waganga wakuu wa wilaya na kutajwa katika majarida mengine ya kanda, unaweza kuonekana mtupu kwenye kanzidata kubwa. African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo sasa makao yake yako Afrika Kusini, huhifadhi mamia ya majarida ya Afrika, na anayemtathmini mtafiti wa Dodoma au Kisumu bila kutazama huko amefanya nusu ya kazi.

Kanuni ya kufuata ni fupi. Usilinganishe watu wawili kwa kutumia kanzidata mbili tofauti, na usitaje jumla yoyote bila jina la kanzidata na tarehe uliyoichukua.

Kipimo cha h kinavyohesabiwa, na kinavyopotosha

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo ambacho leo kimo katika kila wasifu. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Teremka ukihesabu nafasi. Nafasi ya mwisho ambayo idadi ya nukuu bado inalingana na nafasi au kuizidi ndiyo h.

Chukua mtafiti wa kubuni mwenye makala tisa zenye nukuu 310, 64, 22, 15, 9, 6, 6, 3 na 0. Makala ya sita ina nukuu 6, inatosha. Ya saba ina 6 pia, lakini ilihitaji 7. Basi h ni 6, ingawa jumla ya nukuu ni 435. Sasa ile ya kwanza ipande kutoka 310 hadi 3,000: h inabaki 6. Kipimo hiki hakioni kazi moja kubwa. Mtafiti aliyeandika makala sita tu za kawaida, kila moja ikiwa na nukuu sita, analingana naye kabisa. Ile i10 ya Google Scholar ni nyepesi zaidi: idadi ya makala zenye nukuu 10 au zaidi, hapa ni 4.

Kingine, h haishuki kamwe. Aliyestaafu huendelea kupanda. Hirsch mwenyewe alipendekeza kugawanya h kwa miaka tangu chapisho la kwanza. Kama mtafiti wetu alianza miaka 12 iliyopita, anapata 0.5. Inasaidia kidogo, ila humwonea aliyesimama miaka mitatu kwa ajili ya uzazi au kwa kupelekwa kituo kisicho na maabara.

Katika tiba, tatizo kubwa la h ni ukubwa wa timu. Makala za mradi wa Mzigo wa Magonjwa Duniani, unaoratibiwa kutoka Seattle, huwa na waandishi mamia, na makala hizo hunukuliwa kupita kiasi kwa sababu kila anayeandika kuhusu ugonjwa wowote anahitaji takwimu ya kufungulia. Mtu aliyechangia data za nchi yake kwa miaka mitano anaweza kupata h ya profesa bingwa bila kuwa mwandishi wa kwanza hata mara moja. Mchango wake ni halali. Lakini usiusome kama wa mtu aliyebuni swali, akatafuta fedha, akaendesha jaribio na kuandika matokeo.

Nafasi ya jina

Ndiyo maana mpangilio wa majina ni wa kutazama kabla ya nukuu. Katika tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika, wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi, na mwandishi wa mawasiliano ndiye anayejibu maswali baadaye. Katikati ndiko kwenye utata. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba huweka masharti manne kwa kila anayeitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi cha maana katika wazo, usanifu, ukusanyaji au uchambuzi wa data, awe ameandika au kuhakiki andiko kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Masharti yote manne kwa pamoja. Mkuu wa idara aliyesaini barua ya kibali tu hastahili, na mahali pake ni kwenye shukrani. Majarida mengi sasa huchapisha mwishoni aya ya nani alifanya nini. Isome. Ni mistari mitano, na inakueleza kuliko h yoyote.

Kwa tafiti zilizofanyika Afrika Mashariki kwa fedha za nje, aya hiyo ina uzito wa pekee. Hesabu ni mara ngapi mtafiti wa hapa ni wa kwanza au wa mwisho, na kama mara hizo zinaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Aliyekuwa wa tisa mwaka 2008, wa tatu mwaka 2014 na wa mwisho mwaka 2021 amepanda kwa namna ambayo jumla ya nukuu haiwezi kuonyesha.

Kutajwa kwa namna gani?

Mfano mzuri uko Mwanza. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika vijijini mkoani humo: kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Makala hiyo ilinukuliwa kote duniani. Miaka minne baadaye Lancet ileile ilichapisha jaribio la Rakai, Uganda, ambako watu walipewa antibiotiki kwa pamoja majumbani, wawe na dalili au wasiwe nazo, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Tangu hapo makala hizo mbili hutajwa bega kwa bega: huyu aliona, yule hakuona. Sababu zilizojadiliwa zilikuwa mbili hasa, aina ya afua na hatua ambayo janga lilikuwa limefikia katika kila eneo. Sasa tazama hesabu: kila mjadala wa tofauti hiyo huiongezea Mwanza nukuu moja na Rakai nukuu moja. Anayesoma tarakimu tu ataona tafiti mbili zilizofanikiwa. Aliyefungua makala ataona mabishano ya kisayansi yaliyolea kizazi kizima cha watafiti wa VVU.

Jaribio la FEAST linatufundisha jambo lingine. Lilifanyika katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Kathryn Maitland anayefanyia kazi Kilifi, na wa pili Sarah Kiguli wa Makerere. Wakati huo kumpa mtoto wa namna hiyo maji mengi ya mshipa kwa haraka kulionekana ni jambo lisilohitaji ushahidi. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa kwa kasi maji yenye albumini, protini ya damu, na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Nukuu zilimiminika, nyingi zikiwa za waliotilia shaka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliohuishwa wa huduma ya dharura kwa watoto, na suala la maji ya mshipa likiwa miongoni mwa mambo yaliyoguswa. Kati ya makala na mwongozo ilipita miaka mitano, na kwenye wodi kulihitajika muda zaidi. Kama unatafuta athari ya mtafiti wa tiba, tafuta miongozo: katika PubMed, fungua sehemu ya makala zinazoitaja kazi yake, kisha uchuje kwa aina ya chapisho, uone kuna miongozo mingapi na mapitio ya kimfumo mangapi. Kutajwa katika mwongozo mmoja wa wizara kuna uzito kuliko kutajwa mara hamsini katika utangulizi wa makala za watu wengine.

Kuna pia nukuu za aibu. Makala ya Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyochapishwa na Lancet mwaka 1998 na kutumiwa kuhusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilibatilishwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Hadi leo inaendelea kunukuliwa, kwa sehemu kubwa kama mfano wa udanganyifu. Kila nukuu ya namna hiyo huhesabiwa moja kamili, sawa na ya sifa.

Na kuna athari ambayo haikuwahi kuhesabiwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto katika British Journal of Surgery mwaka 1958. Kilichosogeza mambo mbele ni mhadhara alioutoa London mwaka 1961, ambao mtafiti wa virusi Anthony Epstein aliuhudhuria. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walieleza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo. Mhadhara hauingii kwenye kanzidata. Zaidi ya hapo, uvimbe huo ulipozoeleka kwa jina lake, limfoma ya Burkitt, waandishi waliacha kuitaja makala ya 1958 katika marejeo. Kadiri kazi inavyokuwa ya msingi, ndivyo watu wanavyoitumia bila kuinukuu.

Jarida si makala

Kigezo cha athari cha jarida kilitokana na kazi ya Eugene Garfield wa Philadelphia, aliyependekeza faharasa ya nukuu mwaka 1955, na kwa muda mrefu kilikuwa chombo cha wakutubi wa kuchagua majarida ya kununua. Hesabu yake: chukua nukuu zilizopatikana mwaka huu kwa vitu vilivyochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia, ugawe kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio za miaka hiyo miwili. Jarida lililotoa makala 100 na 120, likapata nukuu 660, lina kigezo cha 3.0. Tahariri na barua hazimo chini ya mstari, lakini nukuu zake huingia juu.

Ni wastani, na wastani wa kitu kisichogawanyika sawa. Mwaka 2008 jarida la kristalografia, yaani sayansi ya muundo wa fuwele, Acta Crystallographica Section A, lilichapisha makala moja ya George Sheldrick kuhusu programu yake ya kompyuta. Kila aliyeitumia programu hiyo aliinukuu, na kigezo cha jarida kikaruka kutoka takriban 2 hadi takriban 50 mwaka uliofuata. Waandishi wengine wote wa jarida hilo walikuwa wale wale. Kumpima mtafiti kwa jarida alimochapisha ni kumpa alama za jirani zake, na ndiyo sababu Tamko la San Francisco la mwaka 2013 kuhusu tathmini ya utafiti liliwataka wafadhili na vyuo waache kabisa.

Kulinganisha wanaolingana

Mtaalamu wa saratani hunukuliwa haraka na kwa wingi kwa sababu fani yake ina watu wengi wanaochapisha. Anayefuatilia minyoo ya tumbo Pemba hana umati huo. Kwa hilo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitengeneza kipimo kinachopima makala dhidi ya fani yake, kilichochapishwa mwaka 2016 na kupatikana bure kwenye tovuti ya iCite. Unabandika namba za PubMed za makala, nayo inakurudishia uwiano: 1.0 ni makala ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na taasisi hizo katika fani na mwaka huo, 2.0 ni mara mbili yake. Tovuti hiyo pia huonyesha ni mara ngapi makala imetajwa katika majaribio ya kitabibu na miongozo. Tazama uwiano wa kila makala peke yake. Wastani wa mtafiti mzima unaweza kubebwa na makala moja ya timu kubwa.

Ile orodha ya asilimia 2 ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi, ambayo vyuo vyetu hutangaza kila mwaka kama tuzo ya Stanford, si tuzo. Ni jedwali linalotokana na data za Scopus, kazi iliyoongozwa na John Ioannidis. Hutumia viashiria sita, vitatu vikiwa vya nukuu za makala ambazo mtu ameandika peke yake, amekuwa wa kwanza au wa mwisho, na hutoa hesabu ikiwa na nukuu za kujinukuu na bila hizo. Kuna majedwali mawili: la maisha yote ya kazi na la mwaka mmoja. Ukisoma tangazo, uliza ni lipi. Tofauti ni kubwa sana.

Kujinukuu si kosa. Anayejenga juu ya kazi yake lazima aitaje. Kwenye Scopus unaweza kuondoa nukuu hizo kwa kubofya, ukatazama kinachobaki. Kama h inaporomoka, au kama nukuu nyingi zinatoka katika majarida mawili matatu yenye waandishi wale wale wanaotajana, una sababu ya kufungua makala moja moja.

Kagua pia ubatilisho. Kwenye PubMed ongeza retracted publication[pt] kwenye jina, kisha tafuta kwenye kanzidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref, shirika linalosajili namba za utambulisho wa makala, iliinunua mwaka 2023 na kuifungua kwa umma. Mwaka huo peke yake mchapishaji Hindawi alibatilisha zaidi ya makala 8,000, nyingi zikihusishwa na viwanda vya kuuza makala. Soma tangazo la ubatilisho lenyewe: mtafiti aliyegundua kosa la hesabu na kuomba makala yake iondolewe amefanya kazi ya uaminifu, na hapaswi kuwekwa kapu moja na aliyebuni wagonjwa. Kuhusu majarida ya kitapeli, kuonekana kwenye PubMed hakutoshi kuwa kinga. Sehemu iliyochujwa kwa ubora inaitwa MEDLINE, na orodha ya majarida yake iko wazi katika katalogi ya maktaba hiyo hiyo. Makala iliyopokelewa Jumatatu na kukubaliwa Ijumaa huenda haikuhakikiwa na mtu.

Kwa mtafiti anayeandaa wasifu wake, nafasi ya juu ya ukurasa zipe makala tano, si tarakimu tatu. Chini ya kila moja andika DOI, yaani namba ya kudumu ya makala, nafasi yako kati ya waandishi, ulichofanya kwa mikono yako, na kilichotokea baadaye: mwongozo upi uliitaja, kipimo gani cha dawa kilibadilika, jaribio lipi lilifuata. Jumla ya nukuu na h ziweke mwishoni, pamoja na jina la kanzidata na tarehe. Miaka ambayo hukuwa kazini itaje. Na kama ipo makala iliyobatilishwa, usiiondoe: iache mahali pake, iandikie kwamba imebatilishwa, mwaka, na sababu kama ilivyo kwenye tangazo la jarida.